Taa ya Mwani: Barua kwa Mpwa Wangu wa Donholm

Mtwapa, Kaunti ya Kilifi
Julai 2025

Mpwa wangu mpendwa,

   

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu tangi la samaki wa bahari na picha zote nimezitazama. Umefanya kazi ya kupendeza. Tangi ni la lita 80, sampu, lile tangi dogo la kuchujia maji, iko ndani ya kabati chini yake, na humo kwenye sampu umetenga chumba cha sentimita 30 kwa 20 ili upande mwani, hicho mnachokiita refujiamu. Sasa waniomba nikuongezee pesa uagize taa ya refujiamu kutoka ng'ambo, ya wati 90, kwa bei inayokaribia kodi yako ya nyumba. Mwanangu, pesa za taa hiyo sitakutumia. Nakupenda na nataka tangi lako listawi, ndiyo maana nimeona heri nikuandikie kwa urefu badala ya kukujibu kwa neno moja.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Samaki wanakula, wanatoa uchafu, na bakteria huugeuza uchafu huo kuwa naitreti. Fosfeti nayo huingia pamoja na chakula. Baharini vitu hivyo huchukuliwa na maji mengi. Ndani ya lita 80 havina pa kwenda. Vikirundikana utaona utando wa kijani ukifunika vioo na mawe, na matumbawe yakianza kunywea. Mwani unapokua hula naitreti na fosfeti hizo, na kila unapong'oa fungu la mwani ukalitupa, unakuwa umeutoa uchafu nje ya tangi. Juu ya hayo, kopepodi na viumbe wengine wadogo hupata maficho wakazaliana bila kumalizwa na samaki. Njia hii si ya jana. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alikuwa akisafisha maji ya matangi ya bahari kwa mwani na taa tangu miaka ya 1980.

Siku utakayoshuka Pwani, tutakwenda pamoja Kibuyuni, Kwale, uwaone akina mama wanavyolima mwani kwenye kamba katika maji mafupi. Hawatii mbolea. Mwani wao unakuzwa na jua, maji yanayotembea na virutubisho vilivyomo baharini. Kule Zanzibar, kilimo hiki kilianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, na wakulima wengi wameiona aina ya cottonii ikiwafia kadiri maji ya ufukweni yalivyozidi joto, wakabaki na spinosum. Kutoka kwao jifunze mambo matatu ambayo mwani hudai: mwanga wa kutosha, maji yasiyolala, na joto lisilopita kiasi. Katika madai hayo hamna jina la kampuni wala taa inayotawaliwa kwa simu.

Tuje kwenye mwanga. Mwani wa kijani hutumia klorofili, na klorofili hunyonya zaidi mwanga wa buluu na mwanga mwekundu. Balbu ya LED nyeupe hutengenezwa kwa kijichipu cha buluu kilichofunikwa unga wa manjano, kwa hiyo buluu inayo tayari, na rangi nyingine mpaka nyekundu zimo pia. Kwenye pakiti utaona nambari ya Kelvini. Ile ya 3000 ina wekundu mwingi zaidi, ile ya 6500 ni nyeupe ya mchana. Zote mbili hukuza mwani. Ile buluu kali inayowekwa juu ya matumbawe, ambayo huyafanya yang'ae, ni ya kupendeza macho na ya kuyafaa hayo matumbawe. Kuipeleka kwenye chumba cha mwani ni kulipia kitu kisichohitajika mahali pale.

Utakutana pia na taa za zambarau za kukuzia mimea, zenye chipu nyekundu na za buluu peke yake. Zinafanya kazi, na hazinywi stima nyingi. Lakini wewe unaishi katika chumba kimoja, na mwanga ule utakuchosha macho kila ufunguapo kabati. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi: chini ya mwanga wa zambarau huwezi kujua mwani umepauka au la, kwa sababu kila kitu hufanana. Mtunza tangi anaongozwa na macho yake. Chukua nyeupe.

Sasa kiasi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni kama 800. Ukiipa kofia ya kurudisha mwanga chini, tuseme nusu yake, lumeni 400, inafika kwenye maji. Chumba chako ni sehemu ya 0.06 ya mita ya mraba. Gawanya, utapata luksi zaidi ya 6,600. Sebule ya kawaida usiku huwa na luksi kati ya 100 na 300. Jua la adhuhuri hufika 100,000. Kwa mwani wa kijani katika maji ya kina cha sentimita 20, hizo 6,600 zinatosha kuanzia. Ukitaka ukue kwa kasi, chukua taa ya kumulikia nje, zile ndogo za bapa ambazo wauzaji wa Luthuli Avenue huziita flodilaiti, ya wati 10 au 20. Hiyo ya wati 20 itakupa mwanga karibu mara mbili, na kwa chumba kama chako huna haja ya kuvuka hapo. Itundike sentimita 15 hadi 20 juu ya maji. Ukiiona imezidi, iinue. Ukiiona haitoshi, ishushe kidogo. Kuisogeza hakukugharimu kitu.

Nimeona umetaja pia tyubu za zamani na balbu zile za kujipinda, za aina iliyogawiwa wateja wa umeme mwaka 2010, kwamba jirani anazo na atakupa bure. Mshukuru, usizichukue. Mwanga wake hufifia kadiri miezi inavyokwenda hata kama jicho halioni, na ndani yake mna zebaki. Ikipasuka juu ya sampu, utakuwa umetia sumu ndani ya maji wanayoishi viumbe wako.

Labda utaniuliza, mbona tusitumie jua, nalo ni la bure? Nilifanya kazi za stima Donholm, Savannah na Umoja miaka mingi, na naijua mitaa hiyo. Nyumba zimebanana, dirisha la mtu linatazama ukuta wa jirani. Anayepata jua hulipata kwa saa mbili tatu, tena kali, na tangi dogo hupanda joto haraka. Julai hii yenyewe mawingu hayajawaacha. Jua la Nairobi ni zuri kwa kuanikia nguo. Refujiamu inataka mwanga unaokuja saa ile ile na kwa kiasi kile kile kila siku.

Aina ya mwani nayo inahusu gharama ya mwanga. Panda Chaetomorpha, ule uliojisokota kama nyaya za kusugulia sufuria. Haushiki mawe, haupandi kwenye pampu ukiwekewa wavu, na unang'oleka kwa mkono. Caulerpa ni mzuri wa kutazama, ila una tabia ya kuachia mbegu zake majini ghafla, ukageuka mweupe, ukafa, na kurudisha ndani ya maji vyote ulivyokuwa umevila. Kwa kuogopa hilo, watunzaji wengine huuwashia taa saa 24, na hiyo ni token za stima mara mbili. Gracilaria, ule mwekundu, unafaa pia na samaki wengine huupenda kama chakula, lakini hukua polepole zaidi. Kwa mwanzo, Chaetomorpha.

Chunga njia utakayoupatia. Ununue kwa wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walio na leseni. Ndani ya hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa 1968 au Mombasa ya mwaka 1986, hairuhusiwi kuchukua hata kombe. Na siku ukichoka na kitu chochote cha tangi, usije ukakirudisha baharini kwa kudhani unakihurumia. Mwaka 1984 Caulerpa ya matangi ilionekana baharini mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, kisha ikaenea Mediterania na kufunika nyasi za asili. Mwani unaoung'oa utie kwenye taka au mboji, baada ya kuusuuza kwa maji baridi.

Sasa saa za kuwasha. Taa ya juu, ya matumbawe, iwake mchana na jioni unapokuwa nyumbani. Ya mwani iwashe usiku, tuseme kuanzia saa tatu usiku hadi saa tatu asubuhi. Viumbe wote wa tangi hupumua usiku kucha na kuongeza hewa ya ukaa majini, na hiyo hushusha pH kutoka kwenye ile 8.1 ya kawaida ya bahari. Mwani ulio kwenye mwanga huichukua hewa hiyo wakati ule ule, na pH hutulia. Wewe mwenyewe unalala chumba hicho hicho ukiwa umefunga madirisha kwa baridi, kwa hiyo faida hii utaihitaji kuliko mwenye nyumba kubwa. Mlango wa kabati utazuia mwanga usikuamshe. Lakini toboa matundu nyuma, hewa ipite, kwa maana taa, pampu na hita vyote viko humo, na nilikwisha kukwambia yaliyowapata wakulima wa cottonii. Maji yasivuke nyuzi 27.

Nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi. Zile za gurudumu ni rahisi na hudumu, ila stima ikipotea nazo husimama. Stima ikikosekana kwa muda wa saa tatu, taima itachelewa kwa muda huo huo, na bila kujua utajikuta taa zote mbili zinawaka pamoja na usiku mwani uko gizani. Kila baada ya stima kurudi, ilinganishe na saa yako. Ile ya kidijitali yenye betri ndani haina shida hiyo, ukiimudu.

Nikupigie hesabu ya token. Wati 10 kwa saa 12 ni uniti 0.12 kwa siku, yaani 3.6 kwa mwezi. Wati 20 ni 7.2. Ile ya wati 90 uliyonionyesha ni 32.4. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 30, ya kwanza ni shilingi 108 kwa mwezi, ya pili 216, ya tatu 972. Tena bei ya uniti hupanda mtu anapovuka viwango vya matumizi, kwa hiyo taa kubwa inaweza kukupandishia hata gharama ya friji na pasi. Bei ya dukani utailipa mara moja, mpwa wangu, lakini token utainunua maisha yote ya tangi hilo.

Ukienda Luthuli, usisimamie nambari iliyochapishwa kwa maandishi makubwa. Taa zilizoandikwa wati 50 huku zikinywa 20 zimejaa sokoni. Ishike mkononi: taa ya kweli ina uzito, kwa sababu ya bamba la aluminiamu linalotoa joto. Tafuta lumeni kwenye pakiti, maana hizo ndizo mwanga. Wati ni stima inayoliwa. Angalia alama ya KEBS na herufi IP65. Sita inamaanisha vumbi haliingii, tano inamaanisha maji ya kurushwa hayaingii. Haimaanishi taa inaweza kuzama. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa dakika kadhaa, aguse nyuma na wewe uguse. Omba risiti. Kwa mamia ya shilingi utakuwa umemaliza.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Pesa ulizokuwa tayari kuzitoa kwa taa, zipeleke kwenye waya. Kila lita ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha stima zaidi ya mara mia kuliko maji laini ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini. Chumvi yenyewe haikai majini ikatulia. Viputo vinapopasuka, matone madogo huruka, maji hukauka, chumvi hubaki. Fungua holda iliyokaa juu ya sampu bila kufunikwa, utaona ukoko mweupe umeuzunguka mzingo wa balbu, na chini yake shaba imeota ukijani. Kigusio kinalegea, kinapata moto, plastiki inakuwa kahawia. Mafundi wote waliowahi kufanya kazi karibu na bahari wanaifahamu rangi hiyo, na wanajua inayofuata ni moto au mtu kupigwa na stima.

Basi fanya hivi. Weka kipande cha kioo au plastiki angavu kati ya maji na taa, na ukifute kila wiki, kwani chumvi ikikifunika mwanga hupungua. Soketi na ekstensheni zisilale sakafuni mwa kabati. Zifungwe ukutani, juu ya usawa wa maji. Kila waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likitiririka lidondokee pale kwenye mkunjo lisiingie ndani. Taa ifungwe kwa skrubu au mnyororo. Usiiegemeze wala kuibana kwa kibanio cha nguo. Na kabla hujatia mkono majini, chomoa. Hata kama ni dakika moja. Hata kama mikono ni mikavu.

Halafu mwite fundi mwenye leseni, akague mambo mawili. La kwanza, kama waya wa kijani na manjano, ule wa ardhini, umeunganishwa kweli nyuma ya soketi yako. Katika nyumba za kupanga nimefungua soketi nyingi nikaukuta umekatwa na kukunjwa ndani, plagi ina pini tatu lakini ya tatu haiendi popote. La pili, akufungie RCD ya miliampia 30 kwenye laini inayolisha tangi. Stima ikianza kuvuja kupitia maji au kupitia mwili wako, kifaa hicho huikata kabla moyo haujadhurika. Zungumza na mwenye nyumba kwanza kwa adabu, umweleze kwamba ni kwa usalama wa ploti nzima. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwa maji ya chumvi hatari haisubiri.

Mambo hayo yakikamilika, uache mwani ukuhukumie taa. Katika wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda kazini, fungua kabati utazame: mwani unaofanya kazi huwa na viputo vidogo vya oksijeni vimeng'ang'ania nyuzi zake, na rangi yake ni kijani kibichi. Ukijaza chumba, ng'oa theluthi moja, uwache uliobaki uendelee. Ukipauka, pima naitreti kabla ya kulaumu mwanga; zikiwa zimekwisha, mwani una njaa, na dawa ni kupunguza saa za taa. Zikiwa nyingi na mwani haukui, shusha taa kidogo au ongeza saa mbili, kisha subiri tena wiki mbili. Ukiona umefunikwa na tope, pampu haitembezi maji ya kutosha, na hakuna taa itakayotibu hilo. Andika kwenye daftari kila unachobadilisha. Anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja hawezi kujua lipi lilimsaidia.

Mwanangu, uko katika umri ambao kila duka litakuambia kwamba bila kifaa chake huwezi. Utaambiwa hivyo kuhusu simu, kuhusu gari, hata kuhusu harusi yako. Kila mara uliza kwanza kitu kinahitaji nini ili kifanye kazi yake, kisha ulipie hicho, na kinachobaki ulinde maisha na uweke akiba, kwa maana akiba haiozi. Ukiizoea hesabu hiyo kwenye chumba cha sentimita 30, utaimudu kwenye mambo makubwa.

Kwa hiyo agizo langu ni hili. Kanunue taa ya wati 10 au 20 na taima kwa pesa zako mwenyewe, unazo. Kisha mwite fundi, akupe bei ya RCD na ya kazi yake, uniletee hiyo bei kwa simu. Hiyo nitailipa mimi yote, siku hiyo hiyo. Na usiwashe chochote juu ya hiyo sampu mpaka awe amemaliza.

Mungu akulinde, akubarikie kazi na afya.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.